Kabla ya Kumkabidhi Mzazi

Baba yangu mdogo, ambaye alikuwa mvuvi wa Port Victoria tangu ujana wake hata mgongo ulipomkataza kuvuta nyavu, aliamka saa tisa za usiku mmoja mvua ilipokuwa ikipiga bati, akaamini kwamba mwaka ni 1961, kwamba Ziwa Viktoria linapanda kama lilivyopanda katika mvua zile zilizoutangulia Uhuru, na kwamba nyavu zake, ambazo alikwisha kuziuza zamani, zitachukuliwa na maji asipokwenda kuziopoa. Tulimkuta alfajiri amesimama majini hata magotini, ameshika kamba ambayo haikuwapo. Tangu siku ile jamaa waligawanyika makundi mawili: waliosema apelekwe kwenye nyumba ya kulelea wazee, na waliosema kwamba mwenye kumpeleka mzazi wake kwa watu baki ameitupa radhi yake, na kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa na nauli na nafasi, nilitumwa nikazikague nyumba hizo, nirudi na habari. Niliyojifunza, pamoja na kosa kubwa nililolifanya, nayaandika hapa kwa ajili ya wana wa Budalang'i na majirani zetu wa Busia na Malaba ambao jambo hili limekwisha kuwafika, au lingali njiani.

Nianze na ile aibu, maana ndiyo inayowachelewesha watu. Maradhi haya ya kusahau si adhabu wala si kazi ya mchawi. Tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza mbele ya wenziwe mwaka 1906 baada ya kuutazama ubongo wa mwanamke mmoja aliyefariki hospitalini, na leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi ya namna hii, wengi wao katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Walakini huku kwetu mzee anayezungumza na waliokufa, au anayetembea usiku bila ya nguo, hutafutiwa sababu nyingine; na msomaji asidhani kwamba dhana hiyo ni upuuzi usiodhuru, kwa maana kule Kilifi ilibidi pawepo mahali kama Kaya Godoma pa kuwahifadhi wazee waliotuhumiwa uchawi na kukimbia kuokoa roho zao. Kama mzazi wako ananong'onezewa hivyo kijijini, basi swali la kumpeleka penye hifadhi si swali la starehe tena.

Kabla ya kutafuta nyumba, tafuta uhakika wa maradhi. Kusahau kunakoingia polepole kwa miaka ni jambo moja. Mtu aliyekuwa timamu Jumatatu, akawa haelewi alipo siku ya Alhamisi, ni jambo jingine kabisa, na katika nchi ya malaria kama hii yetu kitu cha kwanza ni kumtoboa kidole apimwe damu, kisha mkojo, kwa sababu malaria na maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumvuruga mzee akili kwa siku mbili tu, na dawa ikamrudishia. Kuna pia upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni nzito ya kufiwa, uziwi na mtoto wa jicho, ambayo yote huweza kuvaa sura ya usahaulifu. Hospitali ya Port Victoria ipo, na ile kubwa ya rufaa iliyo mjini Busia ipo. Nenda huko kwanza, upate maandishi ya tabibu, kwa sababu nyumba yoyote yenye kujiheshimu itayataka, na isiyoyataka imekwisha kukwambia habari zake.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila ya kuonewa, na ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Maneno ni mazuri. Nyumba zenyewe, hata hivyo, ni chache, na zijulikanazo sana ziko Nairobi na kandokando yake: Mji wa Huruma, ile ya Thogoto, na Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani inayoendeshwa na masista wa shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan huko Ufaransa mwaka 1839. Wenzetu wa Zanzibar wana Sebleni na Welezo, za Serikali yao. Nyumba hizi zilianza kwa nia ya kumpokea mzee fukara asiye na jamaa, na hiyo ni kazi ya rehema. Lakini mzee aliyepotewa na kumbukumbu, au mtu mzima mwenye kilema asiyeweza kujigeuza kitandani, huhitaji uangalizi wa namna nyingine, wa usiku na mchana, kwa mikono iliyofundishwa. Na hizo nyumba za binafsi zinazochipuka mijini siku hizi, zikitoza ada kwa mwezi, si zote zinazoijua tofauti hiyo. Basi usiulize tu, "Mnapokea wazee?" Uliza ni wangapi humo ndani wenye maradhi ya kusahau, na nani aliyewafundisha wahudumu namna ya kuishi nao.

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilipiga simu kwenye nyumba moja, nikapewa miadi ya saa nne asubuhi, nikapokelewa na msimamizi mwenye maneno ya adabu, nikaonyeshwa sakafu inayong'aa, mashuka meupe, televisheni kubwa ukutani na wazee waliopangwa mbele yake wakiwa wamevishwa vizuri. Sikugundua, mimi niliyejidai mkaguzi, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiitazama ile televisheni, wala kwamba katika saa nzima niliyokaa hapo hakuna aliyenyanyuka. Wazee kumi na wanne wasionyanyuka kwa saa nzima ni kitu cha kuulizwa. Nilitia sahihi siku ile ile. Miezi mitatu baadaye, basi liliponichelewesha nikafika saa mbili za usiku bila taarifa, nilimkuta baba mdogo amefungwa kwa kitambaa kwenye mkono wa kiti, suruali imelowa, ulimi mzito kama wa mlevi, na katika nyumba nzima mhudumu mmoja tu, msichana wa watu, analia jikoni kwa uchovu. Simlaumu yeye hata leo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utasahau mengine yote ushike huu, ni kwamba nyumba ya kulelea hukaguliwa usiku. Nenda mchana mara moja kwa miadi, kwa ajili ya adabu na karatasi. Kisha rudi bila miadi wakati jua linapozama, kwa maana saa hiyo ndiyo saa ngumu kwa wenye maradhi haya: hapo ndipo wanapoingiwa na wahaka, wakataka kwenda makwao, wakawaita mama zao, wakavuta malango. Simama utazame mhudumu anafanya nini na mzee anayesema, "Nataka kwenda nyumbani." Akimwambia, "Kaa chini, hapa ndipo kwako," umeona kitu, na akimshika mkono, akatembea naye hadi mwisho wa ua huku akimuuliza habari za hiyo nyumba na nani yumo ndani yake, umeona kitu kingine. Kisha uliza zamu ya usiku ina watu wangapi kwa wazee wangapi, na usikubali jibu la "wanatosha". Taka hesabu, na taka kuliona daftari la zamu la mwezi uliopita. Nyumba ikikataa kabisa kukufungulia lango baada ya magharibi, kwa kisingizio cha faragha ya wakazi, shukuru kwa chai uliyokunywa mchana uende zako.

Pua yako nayo ichukue. Harufu ya mkojo ya mara moja si dhambi, maana mahali penye watu thelathini wenye nepi za watu wazima patakuwa na harufu wakati fulani. Harufu iliyokaa katika magodoro na mapazia ni habari nyingine. Vivyo hivyo tahadhari na nyumba inayonuka dawa ya sakafu tangu langoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wakaguzi wa mjini hawaliandiki katika orodha zao, nami naliona kuwa ndilo zito kwetu sisi, yaani lugha. Maradhi haya hula kumbukumbu kwa kuanzia juu, yale ya jana yakatangulia na yale ya utotoni yakasalia. Na lugha aliyojifunza mtu ukubwani aghalabu huondoka kabla ya ile aliyonyonya. Baba mdogo alikisema Kiswahili vizuri, kwa kuwa alifanya biashara ya samaki na watu wa kila kabila. Baada ya mwaka mmoja wa maradhi, Kiswahili kilianza kumtoka, akabaki na Lunyala tupu. Katika ile nyumba ya kwanza, hakuna aliyeijua. Akisema ana kiu, waliandika kwamba "anapiga kelele bila sababu". Akiomba kupelekwa haja, waliandika kwamba "ni mkaidi". Neno hili nililisoma kwa macho yangu katika daftari lao. Uliza, basi, kama yupo mhudumu, hata mpishi, hata bawabu, anayejua Lunyala, au Kisamia ambacho ni ndugu yake, au Kiteso kama mzazi wako ni mtu wa Malaba, au Kijaluo kama ametoka upande wa Yala. Asipokuwapo, waandikie mwenyewe karatasi ya maneno ishirini: maji, choo, maumivu, baridi, nimeshiba, naogopa, na majina anayoyaita anapoota, ukieleza kila jina ni la nani na kama yu hai. Na ueleze huitwaje kwa heshima. Mwanamke aliyeitwa mama fulani kwa miaka hamsini, ukimwita kwa jina lake la ubatizo kama mtoto wa shule, hageuki. Na watu husema maskini, hata jina lake amelisahau.

Chakula nitakipitia kwa haraka, ingawa si kidogo. Keti wakati wa kula utazame kama wanaolishwa wameketi wima, kwa sababu mtu anayelishwa akiwa amelala hupaliwa, na uji unaoingia mapafuni huua. Kama kijiko kinasubiri mdomo umalize. Kama maji hutolewa hata kwa asiyeyaomba, maana mwenye kusahau husahau kiu pia. Mzee aliyekula ngege na omena na ugali wa mtama na muhogo maisha yake yote, asiposhika wali na kabichi wa kila siku, hajakataa chakula.

Kuhusu dawa uwe mkali bila ya kuona haya. Zipo dawa za kutuliza zinazotolewa kwa wagonjwa wa akili, nazo zina mahali pake. Lakini kumpa mzee mwenye maradhi ya kusahau ili wahudumu wapate kulala ni jambo la hatari, na tangu mwaka 2005 wakuu wa dawa wa Marekani walitangaza onyo kwamba dawa za jamii hiyo huongeza vifo kwa wazee wa namna hii. Taka kuiona karatasi ya dawa ya kila mkazi utakayemleta wewe: jina la dawa, kipimo, aliyeiandika, sababu yake, na tarehe ya kuitazama upya. Muuguzi awe na leseni ya Baraza la Wauguzi, nayo huulizwa kama dereva anavyoulizwa yake. Kamba, kitambaa, mnyororo, mlango uliofungwa kwa kufuli na ufunguo usiojulikana uko kwa nani: hayo yote uyaite kwa jina lake, na uulize moto ukitokea usiku nani atafungua.

Wapo wasomaji ambao mzigo wao ni wa namna mbili, na hao nawaonea imani zaidi: mama ameanza kusahau, na ndani ya nyumba hiyo hiyo yumo mwanawe wa miaka arobaini, mwenye kilema cha viungo au kifafa au akili isiyokua, ambaye mama huyo ndiye aliyekuwa mikono yake. Jamaa huhangaikia mama, na yule mwana hukumbukwa mwisho, kama samani. Kuwatenganisha mara nyingi huwavunja wote wawili. Yuko mwana ambaye hajui kusoma wala kuhesabu lakini anajua mama hunywa chai saa ngapi, na yeye ndiye saa ya mama. Ulizia nyumba itakayowapokea pamoja, au iliyo jirani. Kule Nyahururu jumuiya ya L'Arche huwaweka watu wazima wenye ulemavu wa akili waishi nyumba moja na wasio na ulemavu, wakila meza moja na kugawana kazi, na hata kama hutampeleka mtu wako huko, yafaa kujua kwamba jambo hilo limewezekana katika Kenya hii.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu, usitazame kama kuna njia ya mteremko, itazame ilivyojengwa: kwa kila shubiri moja ya kimo, mteremko uwe na urefu wa shubiri kumi na mbili, la sivyo ni mtego. Ingia chooni na kiti chenyewe, ukigeuze. Kwa asiyeweza kujigeuza kitandani, uliza nani humgeuza kila saa mbili na wapi panapoandikwa. Kisha omba, kwa idhini ya mwenyewe au ya jamaa yake, kuona visigino na sehemu ya mwisho wa mgongo wa mkazi mmoja wa muda mrefu. Watakuona huna adabu. Vidonda vya kulala havidanganyi.

Nimetaja mvua mwanzoni, nami narudi kwayo, kwa sababu mwana wa Budalang'i hawezi kuichagua nyumba kama mtu wa Eldoret. Mto Nzoia, unaoteremka kutoka Elgon na Cherang'any na kumwagika ziwani hapa kwetu, umevunja au kuruka matuta yake mara nyingi. Miaka ya 2003, 2011, 2018 na 2020 ni baadhi tu ya miaka ambayo watu wetu walihamia mashuleni na penye miinuko, na mwaka huo wa 2020 ziwa lenyewe lilipanda kupita kimo chake cha 1964. Katika msukosuko wa namna hiyo, kijana hubeba godoro. Mzee aliyesahau hubebwa, naye haelewi kwa nini anabebwa, akapigana. Kwa hiyo, kama umepata nyumba ya karibu, au kama mmeamua kumlea nyumbani kwa kumwajiri mlezi, jambo ambalo kwa wengi ndilo la maana zaidi na wakati mwingine ndilo nafuu, uliza mahali pake pameinuka kiasi gani, maji yalifika wapi mara ya mwisho, wabebaji ni nani, mtumbwi ni wa nani, na dawa za juma moja zimewekwa katika mfuko gani usiopitisha maji. Nyumba iliyo Busia au Malaba haina hatari hiyo, lakini ina yake: barabara ya malori yanayosubiri kuvuka, na mpaka ambao mtu wa miguu huuvuka bila ya kujua. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu, na mzee mwenye shilingi mia mfukoni akimwambia kijana wa pikipiki, "Nipeleke nyumbani," atapelekwa kokote atakakotaja, hata Uganda. Mvalishe bangili yenye namba ya simu, na uwaonyeshe picha yake vijana wa kituo cha karibu.

Mwisho ni fedha. Mzee aliyetimiza miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Serikali wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni zake. Nyumba isikae na kitambulisho chake wala kadi yake ya benki, ikae na nakala. Mkataba usomwe na watu wawili wa ukoo, na uonyeshe ada inafunika nini: nepi, nauli ya hospitali, dawa, maziko. Na hati yoyote ya shamba isimkaribie kabisa mtu wa hali hii akiwa na wino kwenye kidole gumba, hata ikiletwa na mwana wa tumbo lake. Mambo ya mali yake yaende mahakamani, ambako sheria ina njia ya kumteua wa kuisimamia.

Baba mdogo tulimtoa, akaenda kwenye nyumba ndogo ya wakazi wanane ambayo sakafu yake ina nyufa, na mpishi wake ni mama wa Kisamia aliyempokea langoni kwa "Mulembe". Bado huamka saa tisa za usiku mvua inaponyesha. Wahudumu humpa kamba fupi, humwekea kiti barazani, mlezi wa zamu huketi naye, nao huvuta nyavu pamoja hata anapochoka akalala. Ukimpeleka wako mahali popote, mzuru katika majuma mawili ya kwanza, usipige simu kabla, na umchukulie samaki.